Baba Alipotembea Juu ya Ziwa

Shamba tulilokulia lilikuwa Mau Narok, juu kabisa, kwenye baridi inayokataa mahindi na kukubali ngano. Baba alifika huko akiwa kijana, ametoka magharibi kufuata kazi, na setla mwenye shamba akampa ng'ombe wa plau awaendeshe. Ukipanda hadi ukingo wa konde la mwisho, asubuhi isiyo na ukungu, uliona mbali chini bondeni kitu kinachong'aa. Hilo lilikuwa ziwa la Nakuru. Pembeni mwake palikuwa na utepe wa rangi ya waridi ambao hatukujua ni nini.

Kila mtu shambani alikuwa na lake la kusema. Mama alisema ni udongo mwekundu uliopigwa na maji. Mpishi wa setla, aliyejihesabu msomi kwa kuwa alishinda nyumba moja na wazungu, alisema ni magadi, kwamba magadi yakiiva huwa mekundu. Mkipsigis mmoja aliyechunga kondoo alisema ni ndege, na huyo ndiye tuliyemcheka zaidi. Ni ndege gani hao wa kuonekana kutoka mlimani kama konde lililochanua? Baba hakubishana na yeyote. Aliegemea plau lake, akatazama, akasema, "Siku moja nitashuka nikaone." Aliyasema maneno hayo miaka mingi, hata sisi watoto tukawa tunayatumia kwa jambo lolote lisilo na haraka. Ukiulizwa utachota maji saa ngapi, unajibu: siku moja nitashuka nikaone.

Mimi ndiye niliyetangulia kushuka. Niliolewa na fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya duka la Mhindi mjini Nakuru, tukapanga chumba Bondeni. Siku zile za mwanzo mume wangu alinipeleka kuliona ziwa. Maji yalikuwepo, na ule utepe ulikuwa ndege kweli, flamingo, wamejaa hata huoni ufuko, wanapiga kelele kama watu sokoni. Nilimwagiza dereva wa lori la ngano amwambie Baba kwamba Mkipsigis alisema kweli. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba atakuja kujionea mwenyewe. Halafu Mama akaugua, akafa. Ikaja hali ya hatari na vizuizi vyake barabarani, Baba akabaki hukohuko juu.

Alipokuja hatimaye, ziwa lilikuwa limeondoka.

Sisemi kwa mafumbo. Mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu, maji yakarudi nyuma, chini yake pakabaki magadi makavu, meupe. Upepo wa mchana uliyaokota ukayaleta mjini. Yaliingia kwenye unga, kwenye matandiko, kwenye nywele. Mume wangu alilalamika kwamba akishona suti nyeusi inamfikia mteja ikiwa ya kijivu. Lakini Bondeni watu walisema tu kwamba ziwa limepungua, na mimi sikuwa nimerudi kuliona. Kupungua nilikuelewa. Kwamba ziwa zima linaweza kwisha, hilo halikunijia akilini.

Baba alifika juu ya magunia ya ngano, amevaa kabuti lake la jeshi na kofia. Dereva alimshusha kwa heshima, kisha akanivuta kando.

"Kaka yako anasema usimwache mzee peke yake."

"Kwa nini?"

"Sijui. Alisema hivyo tu."

Nilidhani ni mambo ya mjini, magari na askari. Nikampeleka Baba nyumbani, nikampikia chai. Aliketi karibu na dirisha, akapitisha kidole juu ya ubao wake, akatazama weupe uliobaki kidoleni.

"Kumbe huku nako kuna sakitu," alisema, kana kwamba ni ule umande ulioganda kondeni kwetu alfajiri.

Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma mabati. Nilicheka. Baba naye alitabasamu, ila alitabasamu baada yangu, kama mtu anayengoja kuona wenzake wanacheka nini. Tangu hapo nikawa namchungulia bila kujua natafuta nini. Alikumbuka jina la kila ng'ombe aliyewahi kumwendesha. Aliuliza habari za shemeji zangu, mmoja mmoja, bila kukosea. Halafu jioni akaniuliza Mama atafika na lori gani. Kabla sijajibu alisema mwenyewe, "Hapana, tulishamzika," akaendelea kula. Mume wangu aliniambia wazee wote husahau kidogo, na kwamba mtu aliyeishi na mke miaka yote hiyo ulimi wake hauwezi kumwacha kwa siku moja. Nilikubali. Lilikuwa jibu zuri.

Mwenye duka alikuwa na pikapu, na Jumapili alikuwa na desturi ya kuipakia jamaa yake na vyakula, wakaenda kutembea: leo ukingoni mwa Menengai kutazama chini shimoni, wiki ijayo Elmenteita, au kule kwenye vilima vya mawe. Mume wangu alimwomba nafasi kwa ajili ya Baba. Akakubali, akasema mama yake mzazi pia anataka kwenda safari hii. Mama huyo sisi sote tulimwita Bibi. Alikuwa mwanamke mfupi aliyekaa ndani ya duka juu ya kiti cha mbao, amevaa sari nyeupe ya ujane, akihesabu shanga za sala. Kiswahili chake alikijua vizuri kwa sababu alikuwa amezeeka kaunta ileile.

Wanawake wa jamaa yake walikaa mbele, na sisi wengine wote nyuma: mwenye duka alimwachia kijana wake usukani akaja kukaa nasi, mimi na mume wangu na Baba. Bibi alikataa kukaa mbele, akasema huko anasikia kichefuchefu. Tukamtandikia blanketi nyuma, karibu na Baba.

Kwanza tulisimama Kilima cha Pimbi, kandokando ya barabara ya Nairobi. Ni mahali pa watu wa kale. Wazungu walikuwa wamefukua, wakapata kuta za mawe, mashimo makubwa ya duara ambamo watu walikuwa wakiishi na mifugo yao, na makaburi. Juu ya mwamba mmoja kulikuwa na vijishimo vya bao vilivyochongwa jiweni. Mwenye duka alituonyesha kwa fahari kama mtu anayeonyesha nyumba yake. Baba alisimama kwenye makaburi, akavua kofia.

"Ni nani amekufa?"

"Watu wa zamani, Baba. Hakuna anayewajua."

"Mtu hawezi kufa pasipo anayemjua," alisema. "Watoto wao wako wapi?"

Nilitazama huku na huku kana kwamba watoto hao wangetokea. Mwenye duka alisema wengine wanadai walikuwa Wasirikwa, wengine wanadai ni watu waliotangulia kabla ya hao, na kwamba zamani ziwa lilifika mpaka chini ya kilima hiki. Baba aligeuka kutazama upande wa ziwa. Nasi tukageuka.

Lilikuwepo. Nawaambia kama nilivyoona: maji ya buluu, yanametameta, yanatikisika kidogo, na vilima vya upande wa pili vimesimama ndani yake vichwa chini. Moyo wangu ulitulia. Watu wa Bondeni hupenda kukuza mambo, nikasema moyoni.

"Wekundu wake uko wapi?" Baba aliuliza.

"Tutauona tukikaribia."

Njiani kulikuwa na kizuizi. Askari alitaka kuona vipande, zile karatasi za utambulisho, akawatazama Wahindi, akatutazama sisi, akamfikia Baba.

"Mzee, wewe unatoka shamba gani?"

Baba alitaja shamba ambalo sikuwahi kulisikia. Kipande chake kilisema lingine. Askari alisoma, akamtazama, akauliza tena, na Baba akarudia jina lilelile kwa utulivu wa mtu anayesema kweli. Siku hizo jibu moja lisilolingana na karatasi lilitosha kumlaza mtu seli. Nilifungua mdomo, lakini sikujua la kusema: kwamba Baba amesahau, au kwamba karatasi imekosea? Mume wangu ndiye aliyesema, polepole, kwamba mzee anatoka Mau Narok na kwamba masikio yake si mazuri. Askari alirudisha kipande, akatuashiria tupite. Baadaye nilimwuliza kaka yangu. Shamba lile alilotaja Baba lilikuwa la Molo, ndilo la kwanza alilofanyia kazi, kabla hajamwoa Mama.

Tulifika ziwani jua likiwa utosini. Pikapu ilipita mahali ambapo nilikumbuka matete, ikapita mahali nilipokumbuka kusimama nimeshika viatu mkononi, ikaendelea, mpaka kijana akaogopa kuzama akazima injini. Tulishuka. Hapakuwa na maji. Palikuwa na uwanja mweupe usio na mwisho, umepasukapasuka, na mbali mbele yetu yale maji ya buluu yakimetameta. Nilisema, "Yamebaki kule katikati." Tukatembea kuyafuata, sote, na kadiri tulivyotembea yakasogea. Ndipo mwenye duka akasema ni mazigazi, ni jua linatudanganya, na kwamba hata kutoka kilimani hatukuona maji bali hayohayo.

Sikuweza kuamini. Nilikuwa nimeona vilima vimegeuzwa ndani yake.

Baba alisimama amefunga mikono nyuma ya kabuti. "Hapa si penyewe," alisema.

"Ndipo, Baba. Maji yamekauka tu."

"Ziwa nalijua. Nimelitazama tangu hujazaliwa. Lina maji na lina wekundu. Umenileta mahali pengine, mama."

Alikuwa akiniita mama tangu utotoni, kama wanavyofanya watu wa kwetu. Hakukasirika. Alinieleza tu, kwa upole, kwamba nimepotea njia. Na nikiwa nimesimama pale, kwenye joto lile na weupe ule uliotoa machozi, nilianza kutafuta kwa macho kitu chochote ambacho kingenithibitishia kwamba hatukupotea. Mlima ulikuwa upande uleule, lakini ulionekana mdogo. Mji haukuonekana kabisa.

Bibi aliinama, akamenya ganda la magadi kwa kucha, akalionja kwa ncha ya ulimi. Akamwambia Baba, "Kama kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Ng'ambo, Kachi. Bahari inaingia wakati wa mvua, inajaa, halafu inatoka. Inabaki chumvi. Watu wanatembea na ngamia pale ambapo samaki walikuwa."

"Na ndege?"

"Ndege hawa wekundu? Wapo. Wanakuja maji yakija. Nilipokuwa msichana nilifikiri ni maua." Akafikiri kidogo. "Labda wamekwenda huko."

Mwanawe alimwambia kwa Kihindi chao maneno fulani, nafikiri alimwambia ni mbali mno. Bibi alitikisa kichwa kwa ule mtikiso wao ambao sikuwahi kujua kama ni ndiyo au siyo. Baba aliyachukua maneno yale kwa uzito. "Basi wamekwenda kwa mama huyu," aliniambia, kana kwamba sasa jambo limenyooka. Wale wawili wakaanza kutembea, taratibu, kuelekea kwenye mazigazi, wakizungumza. Tuliwaacha. Walikuwa wanaonekana vizuri, na wengine walikuwa wanatandika mkeka kwenye kivuli cha pikapu na kufungua bajia na chupa ya chai.

Upepo ulikuja kutoka upande wa Mau. Kwanza niliona mguu mmoja wa vumbi umesimama mbali, mrefu, unazunguka. Ikawa miwili. Kisha uwanja wote ukanyanyuka.

Sijawahi kuona giza jeupe kama lile, kabla wala baada. Nilifumba macho, nilipofumbua pikapu haikuwepo, nayo ilikuwa hatua chache nyuma yangu. Magadi yaliwasha koo. Nilisikia mume wangu akiniita nibaki, nikaenda. Nilikuwa na uhakika wa upande waliokwenda, mpaka nilipoanza kutembea ndipo uhakika ukanitoka. Garimoshi lilipiga honi, nikajua reli iko kaskazini, nikageuka. Halafu likalia tena, au lilikuwa lingine, kutoka upande niliokuwa nimeupa mgongo. Nikasimama. Nilikuwa mwanamke mzima katikati ya ziwa, nimesimama juu ya ardhi kavu, na sikujua pa kwenda.

Ndipo niliposikia Baba anaita. Haikuwa kwa kelele za mtu aliyeogopa. Aliita kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili, na jina aliloliita halikuwa langu. Lilikuwa la shangazi yangu, dada yake, aliyefariki magharibi wakiwa bado wadogo. Niliifuata sauti hiyo. Niliwakuta wameketi chini, mgongo kwa mgongo, Bibi ameifungua sari yake na kuizungusha juu ya vichwa vyao wote wawili. Shanga zake zilikuwa zinatembea vidoleni.

Nilipiga magoti mbele ya Baba. Akafunua kitambaa, akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Umechelewa, dada," alisema. "Maji umeyapata?"

Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilijua akili ya Baba inamtoka. Lakini nilipopeleka mkono usoni niliona jinsi nilivyokuwa: mweupe wote, nyusi, kope, midomo, kama mtu aliyeanguka kwenye pipa la unga. Mume wangu alipotufikia baadaye alinipita akaenda kwa Bibi, akidhani mimi ni mke wa mwenye duka. Sasa kama mume hakunitambua, kwa nini baba anitambue? Nilisema, "Nimeyapata, yako garini." Baba akanyoosha mkono nimwinue.

Tukarudi mjini. Bibi alilala kichwa chake kikiwa begani kwa Baba, na mwanawe akajifanya hajaona. Bondeni nilimwosha Baba miguu kwa maji ya uvuguvugu. Aliniita kwa jina langu, akaniambia nimekonda, akauliza kama mume wangu ananitunza. Siku zilizobaki alikuwa mzima kabisa. Alikuwa akikaa barazani karibu na cherehani, na Bibi akimletea chai kutoka ndani. Nilimtazama mpaka nikachoka kumtazama. Nikakata shauri kwamba ni vumbi, ni jua, na ni ziwa lenyewe. Kitu ulichokitegemea maisha yako yote ukifika ukikuta hakipo, nani hatachanganyikiwa?

Alirudi Mau Narok na lori lilelile. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu alifika akasimulia.

Aliwaambia watu wa shamba kwamba amekwenda ziwani na ametembea juu yake. Aliwaambia ametembea na mwanamke wa Kihindi aliyevaa nguo nyeupe, ambaye kwao bahari huondoka na kurudi, na kwamba ndege wekundu wamekwenda kukaa kwake. Watu walimsikiliza wakatazamana. Mwalimu wa kanisa alikuja nyumbani kumwonya kwamba aliyetembea juu ya maji ni mmoja tu, na kwamba si vizuri mzee kujilinganisha. Kaka yangu aliniagizia nije haraka, Baba amerukwa na akili.

Nilikwenda. Nilimkuta kaka yangu na mwalimu wa kanisa nje, wamekalia magogo, nyuso za msiba.

"Ni kweli," niliwaambia. "Alitembea juu yake. Hata mimi nilitembea."

Kaka yangu alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Na Mhindi?"

"Yupo. Ni mama yake mwenye duka."

"Na ndege wamehamia kwake?"

"Hilo alisema labda."

Mwalimu wa kanisa alijikohoza, akauliza kama nasi huko Bondeni tuna mtu wa kutuombea. Basi nikawaacha, nikaingia ndani kwa Baba. Baba alikuwa anasema mengi mengine siku hizo: kwamba Mama aliwapikia ndizi pale ziwani, kwamba ng'ombe wa plau wamerudishwa usiku. Hayo hayakuwa kweli. Yalichanganyika na yale ya kweli, na mtu pekee wa kuyachambua nilikuwa mimi, na mimi niliishi mbali. Kwa watu wa shamba yote yalikuwa chungu kimoja. Kilichowaonyesha kwamba Baba ameharibikiwa ni lile jambo moja nililoliona kwa macho yangu.

Kaka yangu akalifungia plau Baba asilikaribie, akampa kazi ya kupukuchua maharagwe. Mvua zilirudi, ziwa likarudi. Asubuhi moja nilikuwa huko juu na mtoto wangu mgongoni, nikaona utepe umeanza upya upande mmoja, mwembamba. Nilimwita Baba aje aone. Akaja mpaka ukingoni mwa konde, akatazama kule nilikomwelekeza kidole, akasema ni pazuri, akaniuliza ni wapi.

Alipokaribia mwisho alikuwa akizungumza kidogo sana. Mara ya mwisho nilipokaa naye, alikuwa juani mbele ya nyumba, bakuli la maharagwe mapajani. Bila kuinua uso alisema, "Yule mbwa mweusi alifika salama?"

"Mbwa gani, Baba?"

"Aliyetembea na sisi. Mimi na mama wa Kihindi."

Sikukumbuka mbwa. Niliporudi Nakuru nilimwuliza mume wangu, akasema hapakuwa na mbwa, mbwa angetoka wapi mahali kama pale. Kijana wa mwenye duka, aliyekuwa ameendesha, alisema vivyo hivyo. Nilingoja duka litulie, nikaingia mpaka kwenye kiti cha mbao, nikamwuliza Bibi.

Aliacha shanga zake, akafikiri.

"Walikuwa wawili," alisema. "Mmoja alirudi."

Akanimiminia chai kwenye kisahani, akanipa. Niliinywa nimesimama pale kaunta, wateja wakiingia, nikijiuliza ni nani kati yetu aliyesahau.